Kabla hujamwaga msingi: kuikagua shule ya serikali ya mtaa unaohamia hapa Malindi

Dalali yeyote wa ploti hapa Malindi ukimuuliza habari ya shule atakwambia iko hapo tu. Atanyoosha kidole upande wa miembe, wewe utaona paa la mabati linang'aa kwa mbali basi moyo unatulia, manake akili yako wakati huo iko kwa bei na kwa hati na kama stima imefika, shule unasema si ni ya serikali, zote si sawa tu. Mimi pia nilisema hivo hivo. Tukahama kutoka mjini tukaenda upande wa Ganda mwezi wa Januari, jua kali, njia nyeupe kavu, mtoto wa gredi ya 2 anatembea na wenzake dakika kumi ameshafika. Ikaja masika. Ile njia nyeupe ikawa bwawa, yani bwawa la vyura, na shule ya "hapo tu" ikawa ni kuzunguka kwa barabara kubwa, boda asubuhi boda mchana, na siku nilipompeleka mwenyewe nikachungulia darasani nikawahesabu watoto 93. Tisini na tatu, mwalimu mmoja, na huyo mwalimu anafundisha huku anatupa jicho dirishani kwa darasa la jirani ambalo halikuwa na mtu mzima ndani.

Walimu sikuwalaumu, mimi ndio sikwenda kuangalia. Mwaka uliofuata shemeji yangu akawa anatafuta nyumba kati ya Muyeye, Kijiwetanga na Msabaha, nikamwambia ngoja, safari hii tuzunguke shule kwanza alafu ndio tumpigie dalali. Tukazunguka wiki mbili na tuktuk na miguu. Haya ninayoandika ndio tuliyofanya, na mtu anaehamia Gede ama Watamu ama ng'ambo ya daraja la Sabaki anaweza kuyafanya vile vile.

Jambo la kwanza, usiende kuuliza watu kama shule ni nzuri. Ukiuliza hivo mtu mwenye mtoto pale ataisifu ili asionekane mjinga, alietoa mtoto wake ataiponda, na wewe utarudi nyumbani na maneno. Uliza wangapi, uliza saa ngapi, uliza nani, na vinavyohesabika hesabu mwenyewe.

Alafu kuna ile rangi ya ukutani, zile mean (wastani wa alama) za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la 8, zilizoandikwa kwa mkono karibu na geti, mwaka fulani 268, mwaka fulani 281. Zisome kama unavyosoma kalenda ya zamani ukiikuta kwa kinyozi. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, wale watoto saa hii wana ndevu. Siku hizi gredi ya 6 wanafanya KPSEA, iliyoanza 2022, na gredi ya 9 wanafanya KJSEA, ambayo ya kwanza ilikuwa 2025, na ile KPSEA haikuwekwa kupanga shule nani wa kwanza nani wa mwisho. Kwa hiyo mtu akikwambia shule yao "ni ya pili Malindi nzima" muulize ya pili kwa mtihani gani, utaona anavyokuna kichwa.

Sasa, ukiingia kiwanjani ujue unachoangalia, manake kwa macho ni shule moja lakini ndani mna tatu. Pale kwenye vibanda vya rangi rangi na bembea ndio PP1 na PP2, na hiyo iko chini ya kaunti, kwa katiba yetu elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, walimu wake wameajiriwa na Kilifi. Gredi ya 1 mpaka 6 ni praimari, walimu wa TSC, ile tume ya serikali ya walimu. Gredi ya 7 mpaka 9 ndio junia, JSS, waliwekwa kiwanja hicho hicho tangu 2023, na hao wana walimu wao, wengine ni wa kudumu wengine wameingia kwa intanship. Hii si habari ya kujionyesha, ina maana yake. Unaweza kukuta chekechea imependeza kweli, darasa jipya, viti vidogo vizuri, ukasema mtoto wangu atafurahi, kumbe ukivuka mwembe ukaingia gredi ya 3 wanakaa wanne kwa dawati la watu wawili. Ama kinyume chake. Kwa hiyo ukague ile sehemu mtoto wako anaenda, na ile atakayoenda miaka mitatu mbele, usikague geti.

Ofisini kwa mwalimu mkuu ukikaribishwa, kabla hujaanza mazungumzo tupa jicho ukutani. Shule nyingi huwa na ubao ama manila yenye idadi ya wanafunzi, kila gredi, wavulana, wasichana, jumla. Hiyo karatasi ni dhahabu na hakuna mtu hufikiria kuisoma. Shule moja tulioenda na shemeji ilikuwa gredi ya 1 watoto 104, gredi ya 4 watoto 88, gredi ya 6 watoto 47. Wameenda wapi? Shemeji akasema labda mtaa unakua, wageni wanaingia na watoto wadogo. Inawezekana, ndio maana unatakiwa uulize wala usihukumu. Tukauliza kwa upole, tukaambiwa wazazi wengi wakiona mtoto amefika gredi ya 4 wanamhamisha akademi ama wanampeleka mjini. Basi hapo umeshapewa jibu na wenyewe, wazazi wa mtaa wanaiamini mpaka gredi ya 3. Angalia pia wasichana wa gredi ya 7, 8 na 9 ukilinganisha na wavulana. Wakianza sawa sawa gredi ya 4 alafu ukifika gredi ya 8 wasichana wamepungua kama wameyeyuka, uliza. Hapa kwetu tunajua sababu zake, mimba za mapema, ndoa, kazi za nyumbani mjini, na shule ambayo mwalimu mkuu anaweza kukwambia "watatu walipata watoto, wawili tumewarudisha, mmoja tunamfuata" mimi naiheshimu kuliko ile inayosema hapa hakuna tatizo kama hilo.

Alafu sasa walimu. Swali ni moja tu: wa TSC wangapi, wa BOM wangapi? TSC ni wale wa serikali. BOM ni wale walioajiriwa na bodi ya shule na mshahara wao unatoka mfukoni kwenu wazazi. Gawanya jumla ya watoto kwa walimu wa TSC, serikali yenyewe inalenga mwalimu mmoja kwa watoto 40, ukipata 45 ama 50 kwa huku kwetu shukuru Mungu, ukipata 80 ujue mtoto wako atakuwa sauti moja kwenye kwaya. Na mwalimu wa BOM si lazima awe mbaya, wengine ndio wenye moyo zaidi, lakini anaweza kuondoka katikati ya tem pesa zikikosekana, na kama gredi ya 2 nzima iko mikononi mwa wa BOM basi uliza mwaka jana alikuwa nani na mwaka juzi alikuwa nani. Wakitajwa watu watatu, mtoto anaanza upya kila tem.

Lakini walimu wa kwenye karatasi ni kitu kimoja na walimu wa kwenye darasa ni kitu kingine, na hapa ndio nakuletea mtaalamu wangu. Kila shule ina mama anaeuza mahamri na chai na viazi karai karibu na geti, ama chini ya mwarobaini ng'ambo ya njia. Keti pale. Nunua mahamri, mbaazi pia kama zipo. Usianze na maswali, we kunywa chai yako kwanza. Sisi tulikaa kwa mmoja siku ya pili ya kuzunguka, shemeji akamuuliza tu mama biashara iko vipi, akasema Jumatatu nzuri, walimu wanachukua vikombe kumi na tatu kumi na nne, Ijumaa anapika nusu ya birika manake hapiti vikombe saba. Shemeji aliniangalia. Hakuna afisa wa elimu angetupa ile ripoti. Na si kwamba mama alikuwa anasengenya, alikuwa anasema habari za chai yake. Huyo mama pia anajua watoto wanaruka ukuta saa ngapi, anajua nani anakuja saa tatu na nani yuko pale kabla ya mlinzi.

Kwa hiyo ujiwekee siku tofauti. Nenda Jumatatu moja asubuhi saa moja na nusu, usimame tu kama unangoja boda. Masomo kwa kanuni ni saa mbili mpaka saa tisa na nusu, baada ya hapo ni michezo, kwa hiyo saa mbili kasorobo utaona kila kitu: watoto wanafagia ama wanacheza, walimu wameingia wangapi, kengele imelia na baada ya kengele imepita dakika ngapi ndio kelele zikaisha. Kelele zikiisha katika dakika tano kuna mtu mzima kila darasa. Zikiendelea nusu saa, hesabu madarasa yanayopiga kelele. Nenda tena Ijumaa mchana. Na kama unaweza, nenda siku ya pili ya kufungua tem, kuna shule ambazo wiki ya kwanza yote ni kufyeka nyasi na kungoja wenzao, na kuna shule ambazo siku ya pili ubaoni tayari pana hesabu.

Kitu kilichonifungua macho kuliko vyote lakini ni daftari. Tafuta familia moja ama mbili mtaani zenye mtoto pale, kama unapanga kununua ploti lazima utakuwa umeshajuana na jirani mmoja, muombe kwa heshima uangalie daftari za mtoto mwenyewe akiwepo. Mimi niliomba la hisabati na la insha ya Kiswahili, gredi ya 4, madaftari mawili yamevalishwa gazeti. La hisabati lilianza tarehe 3 Februari, kurasa za kwanza zina tiki nyekundu na tarehe, kazi karibu kila siku. Katikati ya Machi tarehe zinaruka, siku nne, siku tisa, alafu kuna ukurasa mzima umepigwa tiki moja kubwa kutoka juu mpaka chini na ndani yake mtoto ameandika 7 mara 8 ni 54. Imetikiwa. Hapo unajua mwalimu hakusoma, alipitisha kalamu tu, na ukiwa na madaftari 90 juu ya meza na mimi pengine ningepitisha. Lile la Kiswahili lilikuwa tofauti kabisa, mwalimu amesahihisha mpaka "alienda" na "alikwenda", chini ameandika "sema zaidi kuhusu bahari". Shule ile ile, mtoto yule yule. Kwa hiyo usitosheke na daftari moja, na usiseme shule yote ni hivi kwa sababu ya mwalimu mmoja.

Ukiwa hapo hapo mwambie mtoto akusomee kitu, mbele ya mamake, kwa mzaha, kama mchezo. Kitabu cha hadithi cha gredi ya 2, aya moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Wale wa Uwezo waliokuwa wakizunguka majumbani Kenya, Uganda na Tanzania walipima kwa namna hii, kisomo cha darasa la 2 kwa watoto wa madarasa ya juu, na walishaonyesha miaka nenda rudi kwamba wapo wengi darasa la juu na hawawezi. Mtoto wa gredi ya 4 akisoma huku anakata silabi si mwisho wa dunia. Wa gredi ya 6 akishindwa na aya, na mwenzake wa jirani pia akashindwa, hapo usijidanganye.

Choo. Samahani kwa wanaokula lakini choo lazima. Omba kwenda msalani, hakuna atakaekukatalia, na ukiwa na mke wako ama dada yako mpeleke aangalie upande wa wasichana. Kipimo kinachotumika hapa Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Hesabu milango, toa ile yenye kufuli ya walimu, toa ile iliyojaa, gawanya. Lakini zaidi ya hesabu angalia komeo la ndani. Mlango wa choo cha wasichana wa gredi ya 7 usiokuwa na komeo, msichana hataingia, na siku zake za mwezi atakaa nyumbani, na siku tatu kila mwezi ukizijumlisha mwaka mzima ni wiki kadhaa za masomo. Komeo ni shilingi ngapi pale hadiwea? Ukiona mwalimu mkuu ameweka makomeo na ndoo ya maji na kijisabuni kimefungwa ndani ya soksi, hata kama kuta zimechubuka, huyo mtu anafikiria. Pia pedi, kuna sheria tangu 2017 inayosema serikali igawe pedi bure kwa wasichana walioko shule za serikali, uliza mara ya mwisho zilikuja lini na zikikosekana wanafanyaje.

Maji nayo. Mji wetu unapata maji kutoka Baricho kule mtoni Sabaki, lakini mitaa ya pembeni bomba linaweza kukauka siku nyingi, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Uliza kama kuna tangi, na upige tangi kwa kidole usikie kama lina kitu. Nililigonga moja likalia kama ngoma, mlinzi akacheka.

Chakula sitasema mengi. Uliza kama kuna pure (wa bara wanaita githeri) ama wali maharage saa saba, nani anapika, mzazi anatoa nini, na asietoa mtoto wake anakaa wapi wenzake wakila. Jibu la hilo la mwisho linakwambia habari za shule kuliko menyu.

Pesa sasa, na hapa watu wengi hukasirika bure. Shule ya praimari serikali inatoa Sh1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kwa mwaka! Ukigawa kwa miezi 12 ni Sh118, kitu kidogo sana. Junia ni Sh15,042 kwa mwaka. Na si mara zote zinaingia kwa wakati. Kwa hiyo shule ikikwambia haitaki hata thumni kutoka kwa mzazi, mimi nashuku kidogo, nani analipa mlinzi, nani analipa wale wa BOM? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema karo ya kufundishwa hakuna kwenye shule za umma, michango mingine iwe imeidhinishwa, mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa, na kila shilingi itolewe risiti. Basi muulize mwalimu mkuu mzazi anachangia nini kwa tem, alafu rudi kwa yule jirani muulize vile vile na umwambie akuonyeshe risiti. Namba zikifanana vizuri. Zikitofautiana, ama risiti ni kijikaratasi cha daftari kisicho na muhuri, ama kuna "pesa ya tuisheni" ambayo hakuna mtu anajua inaenda wapi, sasa hiyo ndio ya kukasirikia. Uliza pia mkutano wa wazazi wa mwisho ulikuwa lini na kama hesabu zilisomwa.

Na mkienda kuongea na mwalimu mkuu nendeni kwa adabu. Piga hodi kwa naibu ama kwa mlinzi, omba muda, usifike saa mbili asubuhi ukataka kuonyeshwa shule kama mkaguzi. Salimia, jitambulishe unatoka wapi na unahamia wapi, sema "mwalimu nimekuja kujua shule kabla sijaleta mtoto". Tuliokwenda kwao karibu wote walifurahi, mmoja akasema kwa miaka sita aliyokaa pale hajawahi kuona mzazi anakuja kuuliza kabla, huwa wanakuja na mtoto mkononi siku ya kufungua. Huyo alitutembeza mpaka stoo ya vitabu, na vitabu vilikuwa vimeandikwa namba na vimechakaa pembeni. Kuna shule nyingine vitabu vya serikali vilikuwa bado kwa boksi, vipya, vinanukia, kwa sababu "watoto wataviharibu". Kitabu cha shule kikiwa kipya mwezi wa Julai mimi naogopa. Angalia pia kama kuna fimbo juu ya meza, sheria ile ile ya 2013 ilikataza kuchapa na bado wapo wanaochapa, mwenyewe atakwambia ni ya kuelekezea ubaoni.

Kama mtoto wako yuko gredi ya 6 ama anaingia junia, ongeza swali hili moja na usiondoke bila jibu: nani anafundisha sayansi na nani anafundisha hisabati, na walisomea nini chuoni. Junia ina masomo tisa. Shule ndogo ya pembeni ya mji inaweza kuwa na walimu watatu wa junia na wote wamesomea Kiswahili na dini na historia, si makosa yao, ndivyo walivyotumwa, basi sayansi inafundishwa na mwalimu wa CRE (dini ya Kikristo) anaesoma kitabu usiku ili asubuhi awatangulie watoto ukurasa mmoja. Na hapo mbele gredi ya 10 mtoto anatakiwa achague mkondo, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo, na atapelekwa kulingana na alama, 60 kwa mia ni ile KJSEA, 20 ni KPSEA ya gredi ya 6 na 20 ni zile tathmini za shuleni. Mtoto aliekosa mwalimu wa sayansi miaka mitatu, STEM ataisikia kwa redio. Uliza kama kuna chumba chochote wanachokiita maabara, hata kama ni darasa la kawaida lenye meza ndefu na sinki.

Njia ya kwenda shule nilishakwambia ilivyonifanya. Itembee mwenyewe kwa miguu, si kwa gari la dalali, saa ile ile mtoto atakayotembea. Kama inavuka barabara kuu ya Mombasa, simama pale dakika kumi uone mabasi na malori ya chumvi yanavyopita, alafu uulize kama kuna mtu anawavusha. Kama ni ya vumbi, waulize wenyeji mwezi wa Mei inakuwaje, wasipokuelewa waulize maji huwa yanafika wapi watakuonyesha mpaka kwa mguu, hapa, ama hapa magotini. Angalia njiani kuna nini: mangwe ya mnazi, maskani ya muguka, yale majani ya kutafuna (unakumbuka zile vurugu za 2024 kaunti za pwani zilipotaka kuipiga marufuku), nyumba ya vidio. Na disko matanga, uliza kama mtaa una desturi hiyo na kama chifu anazizima, manake wasichana wetu wengi waliharibikiwa na zile ngoma za usiku kuliko ndani ya shule yoyote. Kwa upande wa ufukweni kuna watalii na wanaowatafutia watalii, sina haja ya kueleza, wewe ni mtu wa Malindi.

Kwa sie waislamu kuna chuo, yani madrasa. Shule ikitoa saa tisa na nusu na chuo kinaanza saa kumi, pima njia kati ya viwili, mtoto wa miaka saba hawezi kutembea kilomita mbili na njaa. Uliza kuhusu Ijumaa, wavulana wanaachiliwa saa ngapi, na buibui ama mtandio unaruhusiwa na yunifomu ya rangi gani, na kama kuna mwalimu wa IRE (dini ya Kiislamu) ama watoto wetu wanakaa nje CRE ikisomeshwa. Mambo madogo lakini ndio yatakayokuleta ofisini kila wiki. Na mwenye mtoto anaehitaji msaada maalum aulize kama kuna yuniti, nyingi hazina, na njia ni kuanzia kwa kituo cha tathmini cha EARC kabla ya kuhama wala si baada.

Shemeji mwishowe alichagua shule ambayo siku ya kwanza tulipoiona alitaka tugeuze tuktuk. Kuta zimechubuka, geti ni mbao mbili na mnyororo. Lakini gredi ya 3 walikuwa 52, gredi ya 6 walikuwa 49, vikombe vya chai Ijumaa ni kumi na moja kati ya kumi na mbili, na makomeo yapo. Na hakununua. Alipanga vyumba viwili pale karibu tem moja nzima, mpaka masika ikapita, ploti akaitafuta mwezi wa nane akiwa anajua maji yanasimama wapi. Kama unaweza fanya hivyo, kodi ya miezi mitatu ni kidogo kuliko kuhamisha mtoto mara mbili.

Ukiamua, hama mwisho wa tem ya tatu usihame katikati. Chukua barua ya uhamisho kutoka shule ya zamani, kopi ya cheti cha kuzaliwa, namba yake ya UPI (ile ya mwanafunzi kwa mfumo wa wizara), ripoti fomu, na kama ameshafika gredi ya 3 kwenda juu uchukue ile asesmenti namba ya KNEC (wale wa mitihani), iandike pahali pawili, manake bila hiyo alama zake za tathmini zinabaki zinaning'inia shule ya zamani. Hakikisha shule ya zamani imemtoa kwa mfumo, si kwa mdomo. Mtoto wangu alikaa tem nzima anahesabiwa shule mbili, hela yake ya serikali inaenda kule, yeye yuko huku anakalia tofali.